Milango ya Mto Perdiz

Gari jeupe la serikali ya shirikisho lilipoingia kwenye uwanja wa ukumbi wetu pale Los Olmos, Orlinda Maestas alikuwa amepiga magoti chini ya meza kuu akihangaika na waya wa kipaza sauti. Alikuwa pale tangu asubuhi. Viti alipanga yeye, ramani ya bonde aliibandika yeye ukutani, hata kahawa alichemsha yeye. Mimi ni binamu yake, nilikuwa namsaidia, na nilimwona alivyoinuka, akapangusa vumbi magotini na kuchungulia dirishani. Uso ukamshuka.

"Mungu wangu," akasema. "Wamemtuma Corina."

Corina ni mdogo wake wa tumbo moja. Ili mwelewe kwa nini jina hilo lilimkaa kooni, lazima niwaeleze kidogo. Bwawa letu la zamani, la mawe na magogo, lilikuwa limezolewa na mafuriko ya masika, na tangu hapo mifereji yetu ilikuwa ikipata maji kwa kubahatisha. Kulijenga upya kulikuwa kazi kubwa kuliko uwezo wa jimbo. Njia ilikuwa moja: jimbo litoe fungu lake, serikali ya shirikisho itoe kubwa zaidi, na pande zote mbili zitie sahihi makubaliano ya pamoja. Orlinda alifanya kazi ofisi ya maji ya jimbo, Santa Fe, na maombi yale aliyaandika yeye. Alitembea nasi mifereji yote kwa miguu, akaumwa na mbwa wa akina Quintana, akalala kwenye gari mara kadhaa ili apime mto alfajiri. Yakakataliwa, akayaandika upya. Yakakataliwa tena, akaandika tena.

Na miaka ya nyuma, Orlinda mwenyewe aliwahi kuomba kazi katika idara ya maji ya shirikisho kule Albuquerque. Hawakumchukua. Baadaye kidogo Corina akaomba, tena baada ya Orlinda kumshauri asome nini chuoni na ajibu nini kwenye usaili, wakamchukua. Orlinda alimpongeza, akamnunulia mkoba wa ngozi, akarudi nyumbani akajifungia chumbani. Hayo aliniambia mwenyewe, na aliniambia bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

Basi Corina akaingia ukumbini, mrefu, mchangamfu, amevaa viatu visivyo na hata tone la tope. Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti ambacho waya wake umechomekwa na dada yake, akasema kwa Kihispania cha nyumbani, "Jamani, pesa za bwawa zimepatikana."

Ukumbi ulilipuka. Wanaume walirusha kofia. Mzee Eliseo Quintana, msimamizi wa mifereji yetu, mtu ambaye hata harusini hacheki wala mazishini halii, alimkumbatia Corina akambusu kwenye paji la uso.

"Binti wa Adelaida ametuletea maji!" akapaza sauti.

"Adelaida ana mabinti wawili," Orlinda alisema. Alikuwa kando ya birika la kahawa, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyemsikia.

Jioni tulikula kwa mama yao. Shangazi Adelaida alikuwa amepika nyama ya nguruwe kwa pilipili nyekundu, na posole, ule mchuzi wetu wa mahindi, sufuria nzima, na mbele ya sahani ya Corina aliweka kile kiti chenye mikono ambacho tangu mumewe afe hakuna aliyekikalia.

"Kaa hapo, mwanangu. Wewe sasa ni serikali."

"Mama, hata Orlinda ni serikali," Corina alisema.

"Ee, lakini yeye ni ya jimbo." Shangazi alipungia mkono kuelekea Santa Fe, kama mtu anayefukuza nzi. "Orlinda, mpe mdogo wako chapati."

Orlinda akampa chapati. Kisha akauliza, kwa upole ambao ulinifanya niinue macho kutoka kwenye sahani yangu, "Yale makubaliano umeyasoma yote, Corina? Au umesoma ukurasa wa sahihi tu?"

"Nimeyaandika mimi, dada."

"Hee. Umeyaandika wewe."

"Kwa kutumia maombi yako. Bila maombi yako nisingejua hata pa kuanzia."

Corina aliyasema hayo kwa moyo safi, nina hakika. Lakini kwa Orlinda yalikuwa chumvi juu ya kidonda. Aliondoka kabla ya kahawa, akasema barabara ni mbovu.

Kule Santa Fe aliichukua rasimu ya makubaliano akaisoma kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Hakuwa akitafuta namna ya kuiboresha. Alitafuta kosa la Corina, na alijua hivyo, maana kila aya iliyokuwa nzuri ilimuudhi. Alipofika kifungu cha milango ya bwawa, mkono ulimsimama. Kifungu kilisema kwamba mwaka wa ukame, milango ya kuingizia maji kwenye mifereji yetu itaendeshwa na idara ya shirikisho kwa uamuzi wake peke yake, mpaka maji wanayodai wenzetu wa chini ya mto, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, yatakapokamilika.

Wanasheria wangekiona hicho ni kifungu cha kawaida. Orlinda alijua mto wetu. Alijua kwamba mwaka wa ukame Perdiz haijazi deni la mtu yeyote mwezi Juni, na kwamba Juni ndiyo mwezi ambao pilipili na majani ya mifugo yakikosa maji, basi tena. Kifungu kile kilimaanisha milango ingefungwa na isifunguliwe msimu mzima.

Alicheka peke yake ofisini. Aliniambia hivyo: "Nilifurahi, binamu. Bonde lilikuwa hatarini, na mimi nikafurahi."

Katika kikao cha pande mbili alisimama akalisema. Kama angelisema kwa utulivu, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini alimgeukia Corina akamwambia mbele ya wote, "Hii ndiyo kazi ya mtu aliyezoea kuona mto kwa picha. Umekulia kando ya Perdiz na hujui inakauka lini?"

Corina akawa mwekundu. "Dada, kifungu hiki kipo kwenye makubaliano yote ya aina hii. Wakubwa wangu kule Denver hawatakiondoa."

"Mimi si dada yako hapa. Hapa mimi ni jimbo. Na jimbo halikabidhi milango yake kwa watu wa Denver."

Mkuu wake Orlinda, Wendell Pruitt, alikuwa mwanamume mpole mwenye tabia ya kusafisha miwani anapokosa la kusema. Aliisafisha sana siku hiyo. Kikao kilipoisha alimwita pembeni.

"Orlinda, nikuulize, na usikasirike. Hili ni suala la maji, au ni suala la nyumbani kwenu?"

"Ni la maji."

"Maana mwisho wa Septemba mwaka wao wa fedha unafungwa. Tusipotia sahihi, fedha zinakwenda jimbo lingine. Ukiniambia kifungu ni kibaya kiasi cha kuzikosa, nitakusikiliza. Lakini nataka niamini kwamba ungesema hivyohivyo kama mtu wa upande wa pili angekuwa mgeni kabisa."

Orlinda alinyamaza. Jibu la kweli lilikuwa kwamba kifungu kilikuwa kibaya na yeye alikuwa na wivu, yote mawili kwa pamoja, na hakujua namna ya kusema moja bila jingine kuonekana. Pruitt akauchukua ukimya ule kuwa jibu. Kesho yake kazi ya makubaliano alipewa mtu mwingine.

Akajaribu huku kwetu. Alikuja kwenye mkutano wa mifereji akatueleza, akachora ubaoni, akatuomba tuwaandikie Santa Fe tukatae. Mzee Eliseo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama akivuta suruali juu.

"Binti yangu, nikikosea nisamehe. Bwawa lingekuwa mwanamume, na mdogo wako ndiye aliyeolewa naye, leo tungeelewa kinachokusumbua."

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, naona aibu kusema. Orlinda alifuta ubao kwa kiganja, taratibu, herufi moja moja, akaondoka na chaki mkononi.

Makubaliano yakatiwa sahihi. Bwawa likajengwa, la zege, lenye milango ya chuma inayozungushwa kwa gurudumu. Siku ya kulifungua, picha ya Corina ilitoka gazetini, kofia ngumu kichwani, Shangazi Adelaida amemshika kiuno. Shangazi aliikata akaibandika kwenye friji. Orlinda alipokuja Krismasi alifungua friji ile kuchukua maziwa, akaifunga, akaifungua tena, akanywa kahawa nyeusi.

Miaka miwili ilikuwa mizuri. Wa tatu theluji haikuanguka milimani. Kufikia mwisho wa Mei ungeweza kuvuka Perdiz bila kuvua viatu, na wiki ya kwanza ya Juni amri ikatoka Denver: milango ya Los Olmos ifungwe. Na wa kuja kuifunga, kwa kuwa ofisi yake ndiyo iliyohusika, alikuwa Corina.

Nilimpigia Orlinda simu. Akauliza, "Anakuja saa ngapi?" Hakuniuliza pilipili zangu ziko hali gani.

Akaja. Aliegesha gari juu ya kilima, mahali unapoliona bwawa lote, akakaa humo na dirisha wazi. Nilipanda nikaketi naye. Chini, watu wa bonde walikuwa wamejazana kwenye ukuta wa bwawa, na Corina katikati, peke yake na funguo zake.

"Tulikupigia makofi sisi!" mtu alipiga kelele.

"Rudi Albuquerque ukalime huko!"

"Jamani, si uamuzi wangu," sauti ya Corina ilipanda hadi kwetu, nyembamba. "Nimewaomba wabadilishe. Nimewaomba mara ngapi!"

"Nani aliandika?" Huyo alikuwa Mzee Eliseo. Hakupiga kelele. "Karatasi iliandikwa na nani, Corina?"

Bonge la tope likaruka kutoka nyuma ya umati, likampata begani. Corina hakulifuta. Alishika gurudumu akalizungusha, na chuma kikateremka kikilia, na maji ya mfereji mkuu yakaanza kupungua huku tukiyaona.

Nilimtazama Orlinda. Alikuwa anatabasamu. Nasema nilichokiona. Lilikuwa tabasamu la mtu mwenye kiu aliyepewa glasi ya kwanza.

Tulipofika kwa Shangazi Adelaida, Corina alikuwa ametangulia, amesimama jikoni na tope lake begani. Mama yake hakumwambia akae. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshampigia simu.

"Umenitia aibu mbele ya bonde zima," Shangazi alikuwa akisema. Alipomwona Orlinda mlangoni akamwendea, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Huyu ndiye mwenye akili. Huyu aliona. Nilizaa mabinti wawili, Mungu akampa akili mmoja. Njoo, mama, kaa. Kaa hapa."

Akamvutia kiti.

Maneno hayo Orlinda alikuwa ameyangoja tangu utoto, na nilitegemea kumwona akiyapokea. Lakini juu ya bega la mama yake alikuwa akimtazama Corina. Corina alikuwa ameinamisha uso, ameuma mdomo wa chini kwa pembeni, na mkono mmoja unakunja na kukunjua upindo wa shati. Sisi tuliokulia pamoja nao tunajua kwamba huyo si Corina. Hivyo ndivyo Orlinda alivyokuwa akisimama jikoni humo, mwaka baada ya mwaka, kila mdogo wake aliposifiwa.

"Mama, acha," Orlinda alisema.

"Niache nini? Si kweli?"

"Ni kweli. Acha hata hivyo." Akamgeukia Corina. Sauti yake haikuwa na huruma. Ilikuwa kali kama siku zote. "Wewe. Ukioga, njoo nje. Lete makubaliano."

Wakakaa kwenye kibaraza, karatasi juu ya magoti, mimi nikiwaletea kahawa na kusikiliza kila nilipoweza.

"Kuna ziwa la jimbo kule milimani," Orlinda alisema. "Linatoa maji kwenye mto mdogo unaoungana na Perdiz chini yetu. Jimbo likifungua pale, wenzetu wa chini wanapata deni lao, na ninyi hamna sababu ya kutufungia sisi."

"Maji ya ziwa lile ni ya miji. Jimbo haliwezi kukubali kuyagusa."

"Hilo niachie mimi. Wewe kazi yako ni Denver. Inatakiwa hati ya nyongeza, sahihi mbili, ya kwenu na ya kwetu."

"Watakubali kwa msimu huu. Nadhani watakubali."

"Sitaki msimu huu. Nataka kifungu kibadilike kabisa. Milango isifungwe tena bila pande mbili kukaa na kukubaliana. Na nataka uende mwenyewe, ukae mbele yao, useme ulikiandika vibaya."

Corina alivuta pumzi. "Unataka niseme hivyo ili bonde lipate maji, au ili unisikie nikisema?"

"Yote mawili," Orlinda akajibu.

Nilidhani watapigana. Badala yake Corina akacheka, kicheko kifupi cha puani, akachukua kalamu. "Basi sema nikuandikie. Na polepole, wewe ukiwa na hasira unaongea kama redio mbovu."

"Na wewe mwandiko wako bado wa kuku."

Orlinda akaenda kwa Pruitt. Hakupiga ngumi meza. Alimwambia, "Mwaka ule uliniuliza kama ni maji au ni nyumbani. Ilikuwa vyote. Nilipaswa kukujibu hivyo na kukuacha uamue." Pruitt akasafisha miwani, akaomba ramani ya ziwa, wakakaa nayo hadi ofisi ikafungwa. Miji ilipinga, ikabembelezwa, ikaahidiwa theluji ya mwaka ujao ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuiahidi. Corina naye akaenda Denver. Alichokisema huko sikijui kwa ukamilifu, ila alirudi amepungua uzito na barua ya kumwonya kazini, na hati yenye sahihi.

Pilipili zangu nusu zilikuwa zimekwisha kufa. Za Mzee Eliseo zilikufa karibu zote. Lakini nusu ni nusu, na majani ya mifugo yalikuwa na pumzi bado, na siku ya kufungua milango watu walikuja tena ukutani.

Kwa sheria gurudumu huzungushwa na mtu wa shirikisho. Corina akalizungusha. Maji yalipoingia mfereji mkuu, yakisukuma mbele takataka na majani makavu, watu wakashangilia, na Mzee Eliseo, ambaye aibu haikai naye muda mrefu, akambusu Corina paji la uso mara ya pili.

"Binti wa Adelaida!" akapaza sauti.

Nilikuwa nimesimama na Orlinda nyuma kabisa, karibu na magari. Nikamwona anavyokaza taya.

"Waambie," nikamwambia. "Waambie maji ya ziwa umeyapata wewe."

"Wanajua."

"Hawajui, Orlinda. Hakuna anayejua."

"Basi hawajui." Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu, kwenye mikono ya mdogo wake. "Linaniuma. Unafikiri haliniumi? Ningekuwa karibu ningemsukuma majini." Akafungua mlango wa gari, akatoa koti. "Lakini nimekiona kifungu kipya, binamu. Ni kizuri. Nimekitafutia kosa wiki nzima, sijalipata."

Hati mpya ilitaka kamati ya watu wawili, mmoja wa jimbo, mmoja wa shirikisho, wakutane kila mwezi kupanga maji ya Los Olmos. Pruitt akamweka Orlinda. Idara ya Corina, nadhani kwa kumwadhibu, ikamweka Corina. Wanakutana katika ukumbi wetu na mtu yeyote anaruhusiwa kwenda kusikiliza, nami huenda. Hawajawahi kupatana haraka juu ya lolote. Orlinda anapekua hesabu za Corina kwa kijicho kilekile cha zamani, na Corina, ambaye sasa amejifunza kukiona kikija, anapekua za Orlinda vivyo hivyo. Kosa la tone moja la maji haliwezi kupita kati yao. Watu wa bonde la jirani, ambao kamati yao ni ya marafiki wawili wanaocheza karata pamoja, wametuomba tuwaazime hao ndugu angalau kwa msimu mmoja.

Mwezi uliopita waligombana kuhusu kina cha mto mpaka Corina akasema, "Dada, twende tukapime wenyewe," na Orlinda akajibu, "Twende, na nitakaposhinda utalipia chakula cha mchana." Wakatoka na fimbo ya kupimia. Kutoka mlangoni niliwaona wakikunja suruali na kuingia majini, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo, wakisomeana tarakimu kwa sauti kubwa.